Je, Kiingereza kitaendelea kuwa lugha ya dunia watoto wetu watakapokuwa watu wazima?

Swali la msomaji: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Morogoro. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka 11 na mwingine miaka 7, na karibu nusu ya faida yangu ya mwaka inakwenda kwenye karo ya shule ya mchepuo wa Kiingereza. Siku hizi nasikia mambo matatu yanayonitia mashaka: kwamba Kichina kitakishinda Kiingereza, kwamba simu zitatafsiri kila kitu, na kwamba Kiswahili chenyewe sasa ni lugha ya Afrika nzima. Je, miaka 30 ijayo Kiingereza kitakuwa na thamani kiliyonayo leo, au nanunua bidhaa inayokaribia kuharibika?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, na nimeona kuwa ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja: la kwanza linahusu lugha yenyewe na mustakabali wake, la pili linahusu shule na karo unayolipa. Watu wengi huyachanganya, wakadhani kwamba la kwanza likishajibiwa basi na la pili limejijibu. Nitaanza na lugha, kwa urefu kiasi, kisha nitakuja kwenye karo, ambako nadhani ndiko mashaka yako yanakostahili kuwa makubwa zaidi.

Tuanze na hesabu. Wanaotumia Kiingereza duniani, kwa viwango mbalimbali vya umahiri, wanakadiriwa kufikia bilioni 1.5, na kati yao waliokipata kama lugha ya mama hawafiki milioni 400. Maana yake ni kwamba katika kila wazungumzaji wanne, takriban watatu walijifunza ukubwani, au darasani, au kazini. Hali hiyo isikushangaze, kwa kuwa wewe mwenyewe unaishi ndani ya lugha ya aina hiyo. UNESCO inawahesabu wazungumzaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200, lakini watu wa mwambao na visiwa, ambao mabibi na mababu zao walizaliwa nacho, ni sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo. Huko kwenu, katika nchi ya Waluguru, Kiswahili kilifika na misafara ya biashara, kikatumiwa na maakida wa utawala wa Kijerumani, kikaenezwa na mikutano ya TANU na shule za msingi, na leo watoto wengi wa mjini Morogoro hawana lugha nyingine. Kwa hiyo tunacho kipimo chetu wenyewe cha kupimia habari za Kiingereza, na mengi yanayosimuliwa juu ya lugha hiyo kana kwamba ni miujiza sisi tumeyaona hapa nyumbani.

Jambo la kwanza ambalo kipimo hicho kinatuonyesha ni kwamba lugha haienei kwa ubora wa muundo wake. Tahajia ya Kiingereza ni mzigo hata kwa watoto wa London, na vitenzi vyake vinavyokaidi kanuni vimewatoa jasho wanafunzi wa mabara yote. Wanormani, watawala kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kiligeuka lugha ya wakulima na watumishi, huku watawala na mahakama wakitumia Kifaransa na wasomi wakiandika Kilatini. Zilipita karibu karne tatu kabla Bunge halijapitisha, mwaka 1362, sheria ya kuagiza mashauri yaendeshwe kwa Kiingereza, na sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Mwaka 1582 mwalimu mkuu wa shule moja ya London, Richard Mulcaster, aliandika kwamba lugha yao haifiki mbali, haivuki kisiwa chao, na hata humo kisiwani haijaenea kote. Mtu ambaye siku hiyo angemwambia Mulcaster kwamba lugha yake itafanyiwa mtihani Morogoro angeonekana amepungukiwa na akili.

Kilichofuata ni meli, biashara na mabavu. Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki ilipata hati yake ya kifalme siku ya mwisho ya mwaka 1600, na walowezi wa kwanza Waingereza waliodumu Amerika walijenga Jamestown mwaka 1607. Baada ya hapo yakaja mashamba ya miwa na pamba yaliyolimwa na watumwa, kisha makaa ya mawe na viwanda, hata baada ya Vita Kuu ya Kwanza dola ya Uingereza ikawa imeshika karibu robo ya nchi kavu ya dunia. Waswahili husema mwenye nguvu mpishe, na lugha nyingi zilipisha. Lakini dola kubwa zimekuwapo nyingine, na lugha zake zikafifia baada ya dola kuanguka. Bahati ya Kiingereza, kama neno bahati linafaa katika historia yenye damu kiasi hiki, ni kwamba dola iliyopokea kijiti kutoka kwa Uingereza ilikuwa Marekani, iliyosema lugha ile ile. Kama katika karne ya 18 bara lile lingeangukia mikononi mwa Wafaransa, huenda leo ungekuwa unalipa karo ya mchepuo wa Kifaransa.

Mapokezi hayo ya kijiti yana tarehe zake. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 diplomasia ya Ulaya iliendeshwa kwa Kifaransa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ndio uliovunja desturi hiyo, ukaandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza kwa hadhi sawa. Katika sayansi, mkemia au mwanafizikia wa mwaka 1910 asiyesoma Kijerumani alikuwa nusu kipofu. Baada ya vita, mataifa yaliyoshinda yaliwatenga wanasayansi wa Ujerumani na Austria katika vyama na mikutano ya kimataifa, na majimbo mengi ya Marekani yakapiga marufuku kufundisha lugha za kigeni kwa watoto, Kijerumani kikiwa ndicho kilicholengwa, mpaka Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipozibatilisha sheria za namna hiyo mwaka 1923. Kisha wakaja Wanazi, wakawafukuza wanasayansi wao wenyewe, na wengi wao wakakimbilia Marekani na Uingereza. Kijerumani hakikushindwa kwa hoja. Watu wake walihamishwa.

Sehemu inayowachanganya wengi ni kwa nini makoloni yaliyojikomboa yaliendelea na lugha ya mkoloni. Chukua India. Katiba yake ya mwaka 1950 iliweka Kihindi kuwa lugha rasmi ya muungano na kukipa Kiingereza muda wa miaka 15 tu. Siku ya kukiondoa ilipokaribia, mwanzoni mwa mwaka 1965, watu wa kusini, hasa Watamil wa jimbo la Madras, waliingia barabarani, na wako waliojichoma moto hadi kufa wakipinga kutawaliwa kwa lugha ya watu wa kaskazini. Mwaka 1967 sheria ikarekebishwa ili Kiingereza kiendelee maadamu majimbo yasiyo ya Kihindi yanakitaka. Watamil hawakuwa wamewapenda Waingereza. Walichokiona ni kwamba lugha ya mgeni aliyekwisha kuondoka haina mjomba wala shangazi mle nchini, kwa hiyo haimpi jirani yeyote nafasi ya kumpita mwenzake. Hesabu kama hiyo ilifanyika Nigeria, yenye Wahausa, Wayoruba na Waigbo. Tanzania iliikwepa kwa sababu ilikuwa na lugha nyingine isiyomilikiwa na kabila kubwa lolote, nayo ni Kiswahili.

Kuna eneo moja ambako ninapenda kuwapeleka wanafunzi wangu ili waone lugha ya dunia inavyofanya kazi na inavyoweza kuua. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia iliyofunikwa na ukungu. Walikufa watu 583, na mpaka leo hakuna ajali ya usafiri wa anga iliyoua wengi zaidi. Marubani wa KLM walikuwa Waholanzi, waongoza ndege mnarani walikuwa Wahispania, na wote walizungumza kwa Kiingereza. Rubani msaidizi wa KLM alitamka maneno yenye maana ya kwamba sasa wako kwenye kuruka, akimaanisha kwamba ndege imeanza kukimbia. Mwongoza ndege akaelewa kwamba wako mahali pa kurukia, wanasubiri ruhusa. Wachunguzi wengi wamesema kwamba Mholanzi yule alikuwa amevalisha sarufi ya kwao maneno ya Kiingereza, jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya kila siku bila madhara. Yalikuwapo makosa mengine, na mawimbi ya redio yaligongana katika sekunde ile ile iliyohitaji usikivu. Baada ya ajali hiyo misemo ya redio ilikazwa, hata neno lenyewe la kuruka likatengwa litumike tu pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Tangu Machi 2008 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linawataka marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa wathibitishe umahiri wa kuzungumza na kusikia, angalau ngazi ya 4 katika ngazi 6, na Mwingereza naye hutakiwa aache misemo ya mtaani kwake na aseme polepole.

Mfano huo unaonyesha Kiingereza kisicho cha Waingereza, na hicho ndicho ninachoamini kitaishi muda mrefu. Uingereza ilitoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020. Zikabaki Ireland na Malta, nchi mbili ndogo ambazo Kiingereza ni lugha yao rasmi, na bado Kiingereza kiko miongoni mwa lugha 24 rasmi za umoja huo na ndicho kinachotumika zaidi katika korido zake. Benki Kuu ya Ulaya, iliyoko Frankfurt katikati ya Wajerumani, inafanya kazi kwa Kiingereza. Nchi za ASEAN, jumuiya ya Kusini-Mashariki mwa Asia, ziliandika katika mkataba wao wa mwaka 2007 kwamba lugha yao ya kazi ni Kiingereza. Kule Dubai, fundi Mhindi, muuguzi Mfilipino na dereva kutoka Tanga huelewana kwa Kiingereza, na huenda wiki ikapita hawajamwona Mwingereza. Hata reli ya kisasa inayofika hapo kwenu ilijengwa na kampuni ya Kituruki, ikishirikiana mwanzoni na kampuni ya Kireno, na lugha iliyowakutanisha wahandisi hao na wenzao wa Kitanzania mezani ilikuwa Kiingereza, ingawa kule kwenye kokoto na mataruma kazi iliendeshwa kwa Kiswahili.

Ukitaka kufahamu kwa nini mtandao wa namna hii ni mgumu kuuvunja, fikiria jinsi watu walivyojiunga na M-Pesa. Wa kwanza kujiunga alipata faida ndogo, kwa kuwa hakuwa na wa kumtumia. Kila aliyefuata aliiongezea thamani laini ya aliyemtangulia, mpaka ikafika siku ambayo kutokuwa nayo kulikuwa usumbufu. Huduma nyingine inaweza kuja ikiwa nafuu zaidi na bado watu wakasita kuhama, kwa sababu hakuna anayetaka kuhama peke yake.

Hata hivyo lugha za dunia hufa, na namna zinavyokufa inafundisha zaidi kuliko namna zinavyoenea. Nakuomba uachane na picha ya lugha mbili zikipigana mieleka hadi moja ianguke. Kiajemi kilikuwa lugha ya utawala na mahakama katika sehemu kubwa ya India kwa karne nyingi, na Wahindu kwa Waislamu walikisoma ili wapate kazi; mwaka 1837 serikali ya ile Kampuni ya India ya Mashariki ilikiondoa kwa sheria, na ndani ya vizazi viwili wazazi wakaacha kuwasomesha watoto wao. Kilatini kilidumu zaidi ya miaka 1,000 baada ya dola ya Roma kuanguka. Isaac Newton alichapisha kazi yake kubwa juu ya mwendo na mvutano mwaka 1687 kwa Kilatini, lakini kazi yake juu ya mwanga, mwaka 1704, aliitoa kwa Kiingereza. Mtu mmoja, miaka 17, na kizingiti kikawa kimevukwa. Hakuna aliyekishinda Kilatini. Waliokihitaji walipungua mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu yake.

Jambo hilo linatokea mbele ya macho yetu kwa Kifaransa. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kufundisha kwa Kiingereza shuleni badala ya Kifaransa, na mwaka uliofuata ikajiunga na Jumuiya ya Madola. Mwaka 2022 Algeria ilianza kufundisha Kiingereza katika shule za msingi. Katiba ya Mali ya mwaka 2023 ilikishusha Kifaransa kutoka lugha rasmi hadi lugha ya kazi. Sababu katika nchi hizo ni za siasa zaidi kuliko za isimu, na hapo pana onyo kwa Kiingereza pia: lugha iliyoletwa kwa siasa inaweza kuondoka kwa siasa.

Sasa nije kwenye hofu zako tatu. Kichina sanifu kina wazungumzaji wa lugha ya kwanza zaidi ya milioni 900, zaidi ya mara mbili ya Kiingereza, lakini karibu wote wako chini ya dola moja. Mchina anapokutana na Mvietnamu au Mnigeria, mara nyingi hukutana naye kwa Kiingereza, na watoto wa China wenyewe wamefundishwa Kiingereza tangu shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 20. Maandishi yake yanahitaji mwanafunzi ajue maelfu ya alama kabla ya kusoma gazeti, na mtu mzima mwenye kazi hana muda huo. Wale wafanyabiashara wa Kichina unaowaona Kariakoo hawasubiri tujifunze lugha yao; wamejifunza Kiswahili, tena chenye kupatana bei. Sisemi kwamba Kichina hakina faida. Taasisi ya Confucius ya kufundisha Kichina katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza barani Afrika, ilifunguliwa mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata yake mwaka 2013, na kijana anayejua Kichina vizuri leo hakosi kibarua. Anapata kibarua hicho kwa sababu wenzake ni wachache, na hiyo ndiyo dalili kwamba Kichina bado si lugha ya dunia.

Hofu ya pili, ya mashine, ina uzito zaidi. Huduma ya tafsiri ya Google ilianza mwaka 2006 na Kiswahili kikaongezwa miaka michache baadaye, na nakiri kwamba kwa muda mrefu tafsiri zake zilikuwa za kuchekesha. Leo, kwa akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, mashine inaweza kukusomea barua ya mnunuzi wa mahindi kutoka Brazil na kukuandikia majibu yasiyokuaibisha. Nadhani mahitaji mepesi ya lugha, kama kusoma maelekezo ya dawa, kuagiza bidhaa au kuuliza njia ugenini, yataondolewa na mashine katika maisha ya watoto wako, na wale waliokuwa wanajifunza Kiingereza kwa ajili ya hayo tu hawatakuwa na haja tena. Lakini mashine zenyewe zimenolewa kwa maandishi ambayo sehemu kubwa ni ya Kiingereza, na karibu nusu ya tovuti za dunia bado ni za lugha hiyo. Tena, tafsiri kati ya lugha mbili zisizo na maandishi mengi ya pamoja mara nyingi hupitia Kiingereza kimyakimya. Sisi tunamtofautisha shangazi na mama mdogo. Waturuki nao wana neno la dada wa baba na neno jingine la dada wa mama. Kiingereza kina neno moja kwa wote. Sentensi ya Kiswahili ikipita kwenye Kiingereza kuelekea Kituruki, shangazi anaweza kufika Istanbul amekuwa mama mdogo. Kwa hiyo mashine, huku ikipunguza idadi ya wanaohitaji kujifunza Kiingereza, inakifanya kuwa daraja lisiloonekana, na anayekielewa daraja hilo ndiye atakayegundua kwamba shangazi amebadilishwa.

Kuhusu Kiswahili, unachosikia ni kweli, ila kisomeke vizuri. Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliuhutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili mwaka 2004, SADC ikakipitisha kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha ya kazi. Haya ni maazimio, na azimio peke yake halimfanyi Mnamibia ajifunze lugha. Kinachokieneza Kiswahili kwa kweli ni magari ya mizigo ya Tunduma na Malaba, masoko ya Goma na Lubumbashi, na muziki. Maoni yangu ni kwamba miaka 30 ijayo itakuwa ya lugha za kanda: Kiswahili huku kwetu, Kihausa na pijini (Kiingereza kilichochanganywa na lugha za wenyeji) Afrika Magharibi, Kiarabu, Kihispania, Kihindi. Kila moja itakula sehemu ya kazi ambazo leo hufanywa na Kiingereza kwa sababu tu hakukuwa na mbadala. Kiingereza kitabaki juu ya lugha hizo, kwenye safari za mbali, utafiti, fedha na sheria za kimataifa. Wanaokitumia huenda wasipungue, lakini kitakuwa kimebanwa katika mambo machache zaidi kuliko leo.

Nacho kitabadilika kinywani mwa hao wanaokitumia. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, ilikubaliwa kwamba Kiunguja, si Kimvita cha Mombasa, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu; lakini Wakongo hawakusubiri ruhusa ya Unguja kuunda Kiswahili chao, wala vijana wa Nairobi hawakuomba kibali cha Sheng. Kiingereza kiko njia hiyo hiyo. BBC ilianzisha huduma ya pijini ya Afrika Magharibi mwaka 2017, na kamusi kubwa ya Oxford imeingiza maneno ya Kiingereza cha Nigeria na cha Afrika Mashariki, miongoni mwake daladala na nyama choma. Mwanaisimu Mwingereza David Graddol aliwaonya wenzake mwaka 2006 kwamba wanaojua Kiingereza tu watakuja kuachwa nyuma na wanaojua Kiingereza pamoja na lugha nyingine. Ukikaa kwenye mikutano ya kimataifa utaona dalili zake: Mkorea na Mbrazili wanaelewana vizuri, anasimama Mwingereza na misemo ya kijijini kwake, wote wanatafuta vipokea sauti vya wakalimani.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba mtoto wako wa miaka 7 atakapofika miaka 37, Kiingereza kina kila dalili ya kuwa bado ndiyo lugha ya pili inayojulikana zaidi duniani, ila hakitampa nafasi ya pekee, kwa sababu wenzake wengi watakuwa nacho. Kitakuwa kama leseni ya udereva: kutokuwa nayo kunakufungia kazi, lakini hakuna anayeajiriwa kwa kuwa nayo tu.

Hapo ndipo karo inapoingia. Kujifunza Kiingereza ni jambo moja, na kujifunza hesabu, jiografia na sayansi kwa Kiingereza ni jambo jingine. Mwaka 1961, katika Chuo cha Makerere, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana kujadili ufundishaji wa Kiingereza, na imani iliyotoka huko ikatawala sera zetu kwa miaka mingi: kianze mapema, kitumike kwa wingi, na lugha ya nyumbani isisikike darasani. Utafiti uliofuata umeitia imani hiyo dosari nyingi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza sekondari za Tanzania zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Mwaka 1984 watafiti wawili Waingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu na kukuta kwamba wa kidato cha nne waliokuwa na Kiingereza cha kutosha hata kuanza kufundishwa kwa lugha hiyo hawakuzidi asilimia 10. Kilichonishangaza tangu nikiwa mwanafunzi ni kwamba, baada ya matokeo hayo, walishauri Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia, na serikali ikaliacha pendekezo la tume. Katika miaka hiyo Mwalimu Nyerere alinukuliwa akisema kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Kuhusu hadhi ya lugha hiyo alikuwa sahihi. Lakini haikufuata kwamba mtoto wa Kilosa aelezwe usanisinuru kwa lugha ambayo mwalimu wake mwenyewe anaitumia kwa kubabaika.

Kwa watoto wako, ningewatenganisha. Huyu wa miaka 11 anakaribia sekondari, ambako mitihani iko kwa Kiingereza tupende tusipende, na kumhamisha sasa kunaweza kumgharimu. Mwache, ila hakikisha anasoma vitabu vya hadithi na si daftari la notisi peke yake. Huyu wa miaka 7 usimhukumu kwa namna anavyowaamkia wageni kwa Kiingereza sebuleni, kwa kuwa hayo hukaririwa. Nenda shuleni siku ya kawaida, isiwe siku ya mahafali, ukamsikilize mwalimu wake wa sayansi akifundisha. Jioni mpe mtoto kitabu chake, asome ukurasa mmoja, kisha umwombe amweleze bibi yake kwa Kiswahili alichokisoma. Bibi akielewa, endelea kulipa. Akibaki anashangaa, chukua sehemu ya karo hiyo utafute shule ya Kiswahili yenye walimu wa kutosha, na fedha inayobaki umlipe mwalimu mmoja anayekijua Kiingereza kweli amfundishe mara tatu kwa wiki.